Ngoma Zetu na Fedha za Serikali: Tujiandae Kuziomba

Hotuba ya Kamati ya Utamaduni kwa wanachama, mkutano mkuu wa mwaka



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa wazima. Wapo tuliokuwa nao mwaka jana na leo hatunao. Miongoni mwao ni wachongaji na wapiga ngoma, na kila aliyeondoka ameondoka na ujuzi ambao haukuandikwa popote. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Asanteni, tukae.

Katika mkutano uliopita mlitupa kazi ya kutafuta njia ambazo vikundi vya sanaa vya nyumbani vinaweza kupata fedha na msaada wa Serikali. Tumeuliza, tumesoma, tumekwenda kuonana na vikundi. Leo tunaleta majibu.

Tunajua swali lililo mioyoni mwa wengi. Maji bado ni shida juu ya uwanda wetu, zahanati zinahitaji vitanda. Ngoma zinatoka wapi leo? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba hatuombi shilingi hata moja ya maji iguswe. Tunaomba fedha kidogo ya kufungua mlango ambao nyuma yake kuna fedha za umma, ambazo watu wa wilaya nyingine wanaziomba na sisi tunabaki kusikia habari zake. Isitoshe, sanaa kwetu ni chakula. Nendeni soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, mtaona ni familia ngapi za Kimakonde zimesomesha watoto kwa tezo na patasi. Marehemu George Lilanga alitoka kusini huku huku, na kazi zake zimefika Ulaya, Marekani na Japani.

Sasa, fedha ziko wapi?

Mahali pa kwanza ni Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, ulio chini ya wizara yenye dhamana ya utamaduni. Mfuko huu unawasaidia wasanii kwa mikopo inayopitia benki za biashara ulizokubaliana nazo, na kwa mafunzo ya kuwajengea uwezo. Tusikilizane vizuri hapa: mkopo si ruzuku. Ruzuku hairudishwi, ila unaitolea hesabu. Mkopo unarudishwa. Kikundi kisichojua tofauti hiyo kitaingia kwa furaha na kutoka kwa ugomvi.

Mahali pa pili ni nyumbani kabisa. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Sisi Newala tuna halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Wengi hudhani fedha hizi ni za bodaboda na kuku tu. Kina mama wanaofinyanga vyungu na kuviuza wana biashara. Vijana wanaochonga vinyago na kuvisafirisha Dar es Salaam wana biashara. Waende wakiwa wafanyabiashara, waeleze soko lao.

Mahali pa tatu hapatoi fedha taslimu, lakini bila hapo milango mingine ni migumu. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii na vikundi. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasajili kazi zenyewe chini ya sheria ya mwaka 1999, ili wimbo uliorekodiwa usije ukauzwa na mtu mwingine. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, inafundisha ngoma, muziki, uchongaji na maigizo. Na katika halmashauri yupo Afisa Utamaduni na yupo Afisa Maendeleo ya Jamii. Hawa wawili ndio wa kuanza nao. Kuwauliza hakuna malipo.

Kama milango ipo, kwa nini vikundi vyetu haviingii? Tulikutana na kikundi kimoja cha ngoma, watu 12, wanaosifika vijiji vingi. Walichanga nauli, wakaenda ofisi moja kuomba. Waliulizwa katiba, hawana. Waliulizwa akaunti ya benki, fedha zao huwekwa na mama mmoja ndani ya kopo. Waliulizwa picha au video ya kazi yao, wakajitolea kucheza pale pale uani. Wakaambiwa wakajiandae, warudi. Walipomaliza kujiandaa, muda wa kupokea maombi ulikuwa umepita. Hakuna aliyewaonea. Lakini tangu siku ile vijana watatu wameacha ngoma na kwenda mjini kutafuta vibarua, na kiongozi wao ana zaidi ya miaka 70.

Kwa hiyo tumeandika mambo sita ambayo kila kikundi kiwe nayo mkononi kabla tangazo halijatoka, si baada ya kutoka.

Kwanza, katiba fupi yenye jina la kikundi, malengo, viongozi, na jinsi mapato yanavyogawanywa. Kifungu cha mgawanyo kisirukwe. Vikundi vingi huvunjika siku fedha zinapofika.

Pili, usajili. Cheti cha BASATA kwa kazi ya sanaa, na usajili wa kikundi katika halmashauri kwa wanaotaka ile mikopo ya asilimia 10. Pamoja navyo, barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na namba ya mlipakodi ya TRA.

Tatu, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini zaidi ya mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila shughuli iandikwe: mlicheza wapi, mlilipwa nini, mlitumia nini.

Nne, ushahidi wa kazi. Picha zinazoonekana vizuri, video ya dakika tatu au nne, majina ya shughuli mlizowahi kufanya na miaka yake. Anayesoma ombi lenu hajawahi kufika Newala; hiyo video ndiyo miguu yake.

Tano, wazo lililoelezwa kwa maneno machache. Msiandike “tunataka kuendeleza utamaduni.” Kila mtu anaandika hivyo. Andikeni mtafanya nini, wapi, mwezi gani, nani atanufaika, na mwisho wake kitaonekana kitu gani.

Sita, bajeti inayojumlika. Mfano tu: nguo za ngoma 12 kwa shilingi 35,000 ni shilingi 420,000. Ngoma 5 kwa shilingi 80,000 ni shilingi 400,000. Nauli ya watu 12 kwenda na kurudi, kwa shilingi 6,000 kila safari, ni shilingi 144,000. Jumla ni shilingi 964,000. Msiandike milioni moja kwa kuwa inasikika vizuri. Na wachongaji wasisahau kwamba mpingo ni mazao ya misitu: kibali na ushuru wake viingie kwenye hesabu, vinginevyo mzigo utaishia njiani.

Kuhusu kurejesha mkopo, tunashauri jambo moja la kwetu. Fedha hapa huonekana msimu wa korosho, kuanzia Oktoba. Kikundi kinachopanga rejesho kubwa mwezi Machi kinajitafutia matatizo. Wakati wa kujadiliana na mkopeshaji, elezeni msimu wenu mapema na kwa uwazi. Na kama kikundi hakina soko linaloonekana, kisikope. Kitafute mafunzo kwanza, kitafute mialiko ya kulipwa, mkopo uje baadaye.

Yapo pia mambo yasiyo ya kuombewa fedha. Wazee wametuambia wazi, nasi tunakubaliana nao. Lipiko lina mambo yake. Jando na unyago vina mambo yake. Si kila kinachochezwa ni cha kupigwa picha, na hakuna mfuko wenye haki ya kutudai siri za mwali. Kila kikundi kikae na wazee wake kwanza, kikubaliane kipi ni cha jukwaani na kipi kinabaki nyumbani. Sindimba ilishachezwa mbele ya wageni nchi nzima na haikupungua kitu; lakini uamuzi ni wa wenye ngoma, si wa mwenye kamera.

Ndugu zetu, tunaomba mambo mawili.

La kwanza ni mchango wa fedha. Zitatumika kulipia ada za usajili za vikundi vitakavyokuwa tayari, kununua kamera moja na kompyuta mpakato moja zitakazokaa katika ofisi ya chama, na kuwalipa nauli vijana wawili wenye elimu watakaozunguka vijijini kusaidia kuandika maombi na kurekodi wazee. Kila robo mwaka tutawaletea hesabu na orodha: kikundi gani kimesajiliwa, kipi kimeomba, kipi kimepata, kipi kimekosa na kwa nini.

La pili ni ujuzi wenu. Miongoni mwenu wapo wahasibu, walimu, wanasheria, mafundi wa picha. Saa mbili za mhasibu kwenye bajeti ya kikundi zinaweza kuzidi mchango wa laki. Walio Dar es Salaam wana kazi nyingine: kufuatilia matangazo yanapotoka, na kuvitafutia vikundi vyetu nafasi katika siku za utamaduni pale Kijiji cha Makumbusho na katika tamasha la Bagamoyo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Fedha hizi hazitapanda uwanda kutufuata. Na wazee wanaojua kuchonga na kupiga hawatatungoja miaka kumi. Bahasha zipo mezani kwa mweka hazina, fomu za kujitolea zipo kwa katibu. Tunaomba msitoke bila kupita hapo.