Darasa Kubwa Bila Kiboko

(Maneno aliyosema mwalimu mmoja mbele ya wanachama, Kyuso)



Nimeombwa niseme juu ya kutunza darasa lenye watoto wengi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwakumbuka Januari 2003, Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika Kenya nzima. Mimi nilikuwa na darasa la 2, na wengine waliketi chini. Kiboko kilikuwa kimekatazwa tangu mwaka 2001, lakini changu kilikuwa nyuma ya mlango. Asubuhi moja msichana alichelewa, nikampiga mbele ya wenzake. Hakusema neno. Jioni nikamkuta njiani na punda wa maji, ndipo nikajua kwamba alikuwa ametoka alfajiri kwenda kisimani, kwenye mchanga wa mto, akangoja zamu yake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nikaenda kwao kumwomba mama yake radhi, naye akarudi. Kiboko nikakivunja, nikaanza kujifunza kazi yangu upya. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, kazi iwe tayari kabla ya kengele. Andika ubaoni mapema hesabu tatu au maneno matano. Mtoto aingiapo na kukuta kazi, huketi; akikuta mwalimu anatafuta chaki, huanza kucheza.

Pili, gawanya darasa katika vikundi vya watoto wanane au kumi, kila kimoja na kiongozi wake, naye abadilishwe kila Jumatatu ili wote waonje kazi hiyo. Kikundi kimoja kisome nawe, kingine kiandike, kingine kihesabu. Hivyo utasikia sauti ya kila mtoto, hata yule wa nyuma.

Tatu, vifaa viko hapa hapa. Vijiti kumi vikifungwa kwa kamba ni kumi moja. Mtoto akikopa katika kutoa, hufungua kifungu na kuona kwa macho. Mchanga ni daftari ya kujifunzia herufi. Tena, watoto wetu wa Kikamba husema "lafiki" badala ya "rafiki", msiwacheke. Wapeni maneno mawili mawili, kama kula na kura, wasikie tofauti.

Nne, usishindane na kelele. Inua mkono, unyamaze. Viongozi wainue yao, na darasa zima litafuata. Ukipiga kelele, nao watapaza zaidi.

Tano, anayechelewa awe na nafasi karibu na mlango. Aingie polepole, afanye kazi, umwulize wakati wa mapumziko. Huenda alikuwa na njaa au na punda.

Wako wasemao kwamba bila kiboko hakuna adabu. Wajue kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, yaweza kumtoza mwalimu faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi 6, au vyote viwili. Lakini mimi sikuacha kwa kuogopa faini. Niliacha kwa sababu ya kile kiti kilichobaki kitupu siku mbili.

Sasa neno kwa Chama. Ufundi huu haupunguzi hata mtoto mmoja darasani, wala haumsamehe mwajiri. Kila mwalimu aandike kila muhula hesabu ya watoto wake, madawati na vitabu, aipeleke kwenye tawi. Chama chetu cha KNUT kilianzishwa mwaka 1957, kikadai waalimu wote wawe na mwajiri mmoja, na mwaka 1967 Tume ya Kuajiri Waalimu ikaundwa. Miaka kumi si michache, lakini dai halikuachwa. Nasi tusiliache dai la waalimu wa kutosha, na huku tukingoja, mtoto asilipe deni letu kwa mgongo wake.