Kwa Nini Tunaomba Dari Kabla ya Kompyuta

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, mmetuuliza kwa nini ombi letu la vigango linatanguliza dari. Tunajibu kwa yaliyotupata mwaka 2004.

Parokia ilipewa kompyuta yenye prosesa ya Celeron 300A, toleo la 1998. Kiwandani ilipangiwa megahezi 300, yaani mapigo 66 ya bodi mara nne na nusu. Kijana wetu mmoja aliona kazi ya hesabu inasuasua, akapandisha mapigo hadi 100, kasi ikafika 450. Hakununua kitu. Prosesa nyingi za aina ile zilistahimili hivyo, nasi tulishangilia.

Lakini kasi huzaa joto. Ofisi ilikuwa bati tupu, na feni ya mashine imejaa vumbi. Februari ikaanza kuzimika katikati ya kazi. Kuzimika ni afadhali. Prosesa iliyozidiwa huweza pia kukosea kimya kimya. Faili la hesabu za kisima likaharibika. Tulikesha siku tano tukiandika upya taarifa ya wafadhili, stakabadhi moja moja.

Baadhi yetu walitaka kijana afukuzwe. Tulikataa, maana tulijua alichofanya tukanyamaza. Alirudisha mapigo 66, akasafisha feni, na kuanzia hapo akawa mtunza nakala zetu, kila Ijumaa.

Vigango hivi navyo ni bati tupu. Mafundi wametuambia dari zinaweza kukamilika kabla ya kiangazi.