Urafiki Usiofunga Mlango

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Utemini, Singida



Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida, na jina lake limebeba neno utemi. Mji wenyewe umekaa njia panda. Barabara moja yatoka Dodoma, nyingine yaelekea Nzega na mikoa ya Ziwa, na ya tatu yapanda Babati hadi Arusha. Mkoani humu wamo Wanyaturu na Wanyiramba, wamo Wabarbaig wafugaji, na huko Mkalama, upande wa Ziwa Eyasi, wamo Wahadzabe. Ni pahali pachache Afrika ambapo lugha za asili mbalimbali kiasi hicho, za Kibantu, za Kikushi, za Kinailoti na zile zenye vidoko, zimekuwa jirani.

Katika mji wa namna hii, mwalimu aliyehamishwa kutoka Mtwara au Kagera hufika bila mjomba wala shangazi. Siku akiugua, anayempelekea uji ni jirani. Akifiwa, wanaokaa naye matangani ni watu ambao mwaka uliopita hawakulijua jina lake. Hawamdai chochote, wala damu haiwalazimishi. Yafaa kuuliza, basi, wema huo chimbuko lake ni nini.

Dini mbili kubwa za nchi hii zina jibu lililo karibu kuwa moja. Waraka wa Kwanza wa Yohana unafundisha kwamba asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Sura ya Al-Hujurat nayo inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu aliwaumba watu wakawa mataifa na makabila ili wajuane. Maana yake ni kwamba upendo wa Mungu hauonekani kwa macho, bali huonekana kivuli chake pale mtu anapomjali mtu mwingine bila kutazamia malipo.

Historia ya Tanzania inao mfano ulio wazi. Mwaka 1953 Julius Nyerere, mwalimu Mkatoliki wa Pugu, alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na aliyeshindwa katika uchaguzi huo alikuwa Abdulwahid Sykes, Muislamu wa Dar es Salaam. TANU ikazaliwa Julai 7, 1954. Machi 1955 Nyerere alilazimika kuchagua kati ya siasa na ualimu, naye akaacha kazi, na mshahara ukakoma. Ndipo Sykes, yule yule aliyeshindwa naye kwa kura, alipomfungulia mlango wa nyumba yake. Dossa Aziz, naye Muislamu, akatoa gari kwa safari za chama. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Watu hawa hawakuwa kabila moja wala dini moja. Lau kama Sykes angeweka kinyongo mbele, safari ya Uhuru ingekuwa ngumu zaidi.

Hata lugha ilibadilika pamoja na watu. Neno ndugu, ambalo asili yake ni jamaa wa damu, likawa jina la kumwita mwananchi yeyote, awe waziri au mkulima. Mwanachama wa TANU aliahidi kwanza kuwatambua binadamu wote kuwa ndugu zake. Ahadi hiyo ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana midomoni.

Uzito wake ulikuja kudhihirika maofisini. Neno hilo hilo likazaa neno jingine la kejeli, undugunaizesheni, yaani kumpa mtu kazi, kibali au nafasi ya masomo kwa kuwa ni jamaa au rafiki. Hapa ndipo penye mtihani wa mtumishi. Mathalani, mama mjane ameketi kwenye benchi tangu asubuhi akingoja cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Rafiki wa karani anaingia saa sita kwa mlango wa nyuma, akatoka na chake. Karani atasema ametenda wema. La hasha! Amechukua haki ya mtu mmoja akamzawadia mwingine, na gharama hakuilipa yeye bali mjane. Sykes alitoa chumba chake mwenyewe. Karani ametoa foleni ya wenzake.

Tofauti hiyo ndiyo kipimo. Urafiki ulio kivuli cha upendo wa Mungu humgharimu mwenye kuutoa na humwongezea mtu wa tatu nafasi ya kukaa. Urafiki wa upendeleo hufunga mlango. Mungu anyeshaye mvua hachagui shamba la rafiki yake, na wakulima wa Singida, nchi ya mvua chache, wanalijua hilo vizuri kuliko wengi.

Kwa hiyo hapana budi mtumishi ajenge urafiki wake kwa muda wake, kwa mfuko wake na kwa jasho lake. Mwalimu na amtembelee mzazi wa mwanafunzi aliyeacha shule, ingawa hajui hata salamu ya Kinyaturu, atafundishwa. Afisa na amsimamie mgeni wa idara yake hadi apate nyumba. Na yule mama aliye kwenye benchi aitwe kwa zamu yake, aitwe ndugu, na apewe cheti chake.