Jogoo Mgeni Uani

Wahenga walisema, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Kamba ile humjulisha kila apitaye ya kuwa kuku huyo si wa hapo, tena humzuia asichanganyike na wenyeji kabla hajajulikana.

Katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, jogoo hupotea kwa urahisi. Kwenye mashamba makubwa nyumba za wafanyakazi hupangwa safu kwa safu, na kuku wa mlango huu huparura mbele ya mlango ule. Chukua mfano wa mama mmoja afunguaye mlango alfajiri, ukungu haujainuka, akamkuta jogoo mnene juu ya kuni zake. Mama huyu ana matetea 9, na mayai yao ndiyo yanunuayo madaftari ya watoto. Je, amchinje, amfukuze, au amfuge?

Kumchinja upesi ni kujitia mashakani. Kwa sheria ya Kenya, mwenye kuokota kitu kilichopotea na kukifanya chake huweza kuhesabiwa mwizi, isipokuwa hamjui mwenyewe, naye anaamini kwa sababu za haki ya kuwa mwenyewe hawezi kupatikana. Asiyeuliza atadai sababu gani?

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Kideri, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle katika Uingereza, na karibu na Mombasa mwaka 1935, hauna dawa ya kuuponya mpaka leo. Kuku huweza kuwa nao siku 2 hata 15 kabla ya kukoroma, kuharisha kijani na kupinda shingo. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa, huweza kulimaliza karibu lote. Basi uzuri wa manyoya si hati ya afya. Kumfukuza nako ni kumpelekea jirani msiba.

Iliyobaki ni njia ya kamba. Jogoo atiwe katika tundu mbali na wenyeji kwa siku 21, awe na chombo chake cha maji. Kuku wa nyumbani walishwe kwanza, mgeni baadaye, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Wenyeji walio wazima wachanjwe kwa tone la jicho, na chanjo irudiwe kwa wakati kama ofisa wa mifugo aelekezavyo. Siku hiyo hiyo majirani waulizwe, na wazee wa kokwet wapewe habari.

Mwenyewe akitokea, mama amepoteza punje chache za mahindi tu. Jina lake ni safi na matetea yake 9 yangali hai. Asipotokea, na wazee wakakubali, jogoo huyo amefugwa mbele ya mashahidi, na kuwika kwake hakutamtia mtu aibu.