Televisheni za Chogo Kariakoo na Betri Yetu



Mlitutuma Kariakoo kutafuta televisheni ya ofisi ya ushirika. Tumekwenda, tumerudi, na fedha zenu tumezirudisha zote. Tumesikia minong'ono ati tulikwenda kutembea tu. Basi tusikilizane.

Televisheni za chogo, zile nene zenye kisogo nyuma, zipo. Ukishuka Msimbazi ukauliza, vijana watakugombania. Bei yake ni rahisi kweli, na ukijua kupatana inashuka tena. Lakini lazima tujiulize kwa nini mwenyewe anaiondoa.

Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia tangu 1973. Miaka hiyo yote tuliijua chogo tu. Halafu tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo chogo peke yake inaonyesha chenga tupu, mpaka uifunge king'amuzi. Wenye uwezo wakahamia kwenye zile bapa, na chogo zikakosa mnunuzi. Ndiyo sababu ya urahisi wake, ndugu, siyo huruma ya mwenye duka.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye fedha zenu. Chogo ya inchi 21 inakula kama wati 80. Weka king'amuzi, weka na umeme unaopotea kwenye kile kigeuzi cha sola, zinafika wati 100. Betri yetu ni ya volti 12, ampea 50, na haifai kuimaliza zaidi ya nusu, itakufa mapema. Nusu yake inatupa saa 3. Mpira mmoja na taarifa ya habari, basi, giza. Na taa ya mama anayepima mazao jioni nayo imezimika. Bapa ndogo ya LED, hata ya mtumba, inakula wati 25 hadi 30. Kwa betri ile ile tunapata zaidi ya saa 6. Betri mpya mnajua wenyewe bei yake.

Hatusemi chogo ni takataka. Ni ngumu, na mwenye umeme wa TANESCO nyumbani anaweza kununua. Ila aende na king'amuzi chake mkononi: vingine vipya havina matundu ya nyekundu, nyeupe na njano, na chogo nyingi hutegemea matundu hayo. Aiwashe pale pale nusu saa, aangalie kama rangi zina madoa pembeni. Asome nyuma imeandikwa volti ngapi. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka kwenye 230 yetu utanusa moshi. Na watoto wasiifungue, hata ikiwa imechomolewa, maana ndani umeme mkali hubaki. Ikifa isivunjwe shambani, kioo chake kina madini ya risasi.

Tunachoomba leo ni ruhusa ya kuongeza fedha kidogo kutoka mfuko wa mauzo, tununue bapa ya inchi 24. Ndugu mweka hazina atasoma kiasi. Anayepinga ainue mkono hapa hapa, siyo kesho kilabuni.