Harufu ya oili na jina la shofere wetu
(Maneno ya wafanyakazi wa tereni kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)

Komite imetuomba sisi wa tereni tueleze habari ya pick-up. Tutaeleza yote, hata pale tulipokosea.

Kazi ya gari hii mnaijua. Inapeleka mbegu na simenti, inashusha mihogo sokoni, na usiku ikibidi inabeba mama anayeenda kujifungua. Kila wiki inapanda kutoka Baraka kwenda Fizi, na mlima ule mnaujua. Basi, tukaanza kusikia harufu ya oili inayoungua. Gari ikitembea, harufu ni kidogo. Ikifika juu na kusimama, harufu inajaa ndani ya kabini mpaka watu wanaziba pua. Na kwenye kijiti cha kupimia, oili ilikuwa inapungua karibu lita 1 kila wiki.

Hapo maneno yakaanza: shofere anauza oili. Sisi wenye diploma ya chuo kikuu hatukufungua boneti, tulifungua daftari la matumizi. Tukamwandikia barua ya kumuonya, tukamkata dola 20 kwenye mshahara. Yeye alijibu kwa kifupi: « Mimi sikuuza. Oili iko inatoka mahali. Muje tuangalie. » Hatukuenda kuangalia.

Fundi wa kwanza alisikiliza moteri dakika tano tu, akasema imekwisha, lazima ifunguliwe yote: dola 1,500. Pesa hiyo hata sanduku la MUSO yetu halina. Tulikuwa karibu kupita nyumba kwa nyumba kuomba mchango. Tena wengine wakasema huyo fundi ni rafiki ya shofere, wamepanga pamoja.

Mzee mmoja wetu, aliyefanya kazi ya garaji miaka ile ya kambini Nyarugusu, akauliza: « Moshi wake ni wa rangi gani? » Hakuna kati yetu aliyejua. Tukawasha gari, tukaangalia nyuma. Moshi wa bluu hakuna. Mzee akatufundisha: oili ikiungua ndani ya moteri, moshi unatoka wa bluu. Harufu ikiwepo na moshi wa bluu haupo, anza kutafuta nje ya moteri.

Tulifanya hivi, nanyi mnaweza kufanya hivi kwa gari yoyote. Kwanza, moteri ikiwa imepoa, tuliiosha kwa sabuni na kuikausha vizuri, kwa sababu oili ya zamani na vumbi vinaficha mahali panapovuja. Pili, tulipaka pudra ya mtoto pale tulipopashuku. Tatu, tukaendesha gari kwenye mwinuko mfupi, tukazima, tukaangalia kwa tochi. Pudra ilikuwa imelowa chini ya kifuniko cha juu cha moteri, upande wa bomba la moshi. Gasketi ya kifuniko ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama plastiki. Oili ilidondoka tone kwa tone juu ya bomba la moto, ikaungua. Ndiyo harufu yetu, na ndiyo lita yetu ya kila wiki.

Tungeishia pale, tungerudi tena baada ya siku chache. Mzee akasema tuangalie mpira ambao moteri inapumulia. Ulikuwa umeziba kwa matope na oili iliyoganda. Moteri isipopumua, presha ndani inapanda na kusukuma oili ipite popote penye udhaifu. Na shofere, kwa kuogopa maneno yetu, alikuwa anajaza oili kupita alama ya juu. Hiyo nayo ilizidisha ubaya. Woga wake tuliuleta sisi.

Tukasafisha mpira, tukaweka gasketi mpya, tukakaza nati kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, bila kutumia nguvu nyingi. Oili tukairudisha katikati ya alama mbili. Matumizi yote, pamoja na sabuni, pudra na kazi: dola 38. Risiti ziko kwa mweka hazina. Tumepanda Fizi mara sita tangu siku hiyo. Harufu hakuna, kijiti hakijashuka.

Tungechelewa, ingekuwaje? Oili juu ya bomba la moto inaweza kuwaka. Ikiwaka, usimwage maji. Tumia kizima moto au mchanga. Gari yetu haikuwa na kizima moto, na mle nyuma walikuwa wamelala wagonjwa. Sasa kipo kimoja chini ya kiti.

Ndugu zetu, wengi wetu tulirudi nyumbani tukakuta watu wanatuangalia kwa jicho la mashaka: huyu ametoka Tanzania, huyu shamba si lake. Tunajua uchungu wa kushukiwa bila ushahidi. Halafu sisi wenyewe tukamfanyia mwenzetu vilevile.

Kwa hiyo, mbele yenu wote, tunamwomba shofere wetu msamaha. Barua ile tumeitoa kwenye faili lake, na dola 20 amerudishiwa. Kuanzia sasa liko daftari ndani ya gari: kila asubuhi, kabla ya kuwasha, shofere na mtu mmoja wa komite wanapima oili pamoja, gari ikiwa mahali pa sawa, wanaandika na kutia saini wote wawili. Na mtu akisema gari ina harufu, boneti inafunguliwa siku hiyo hiyo, kabla ya mtu yeyote kuandikiwa barua.

Shofere amekubali kubaki kazini. Tunamshukuru kwa hilo kuliko kwa yote.