Swali Kwanza, Chuo Baadaye: Uzamili wa Sanaa, Usanifu Majengo na Ubunifu kwa Vijana wa Kasulu na Kibondo

Nimeombwa nizungumzie masomo ya uzamili katika sanaa, usanifu majengo na ubunifu. Vyuo nitavitaja. Kwanza, hata hivyo, naomba tuitazame ardhi tunayoikalia, maana ndiko jibu langu linakoanzia.

Ni sehemu chache za Afrika Mashariki ambako watu wamepangiwa makazi mara nyingi kama huku Buha, nchi ya Waha. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya Waha waliotawanyika porini katika makazi ya pamoja, ili kuwaepusha na mbung'o na malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma: kaya zilizozoea kuishi kila moja katikati ya migomba yake zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kisha wakaja wakimbizi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa wingi. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na Nyarugusu ikafurika hadi kupita watu 150,000, ikahesabiwa miongoni mwa kambi kubwa duniani.

Mara zote hizo, ramani ilichorwa na watu wasioishi hapa. Kijana wa Kasulu anayeniuliza, "Mwalimu, tasnifu niandike juu ya nini?" amekulia ndani ya mada yenyewe. Ndiyo maana nawasihi, vijana, mchague swali kwanza. Ukiwa na swali, chuo utakijua.

Chukua ukuta wa tofali mbichi, ule wa upande mvua inakopigia. Maji yakianguka kutoka kwenye bati huruka kutoka ardhini na kuula ukuta chini, kiasi cha shubiri moja au mbili. Kiangazi kikifika mama mwenye nyumba anachanganya udongo, anasiliba. Masika yanarudi, yanakula tena. Nyumba ya jirani, yenye msingi wa mawe ulioinuliwa na upenu uliorefushwa, haina kovu hilo. Mwenye uwezo anaamua kuchoma tofali, na tanuri linameza magogo ambayo kijiji na kambi vinayagombania kwa kupikia. Upenu ufike wapi? Tofali la kushindiliwa, lenye saruji kidogo na lisilochomwa, litadumu masika mangapi kwenye udongo wetu? Hayo ni maswali ya uzamili kamili, na hayahitaji maabara ya ajabu.

Francis Kéré alianza na swali la namna hiyo. Alitoka kijiji cha Gando, Burkina Faso, akapelekwa Ujerumani kujifunza useremala, akaishia kusoma usanifu majengo katika chuo kikuu cha ufundi cha Berlin. Akiwa bado mwanafunzi aliwajengea watu wa kijijini kwake shule ya msingi, iliyokamilika mwaka 2001: tofali za udongo ulioimarishwa kwa saruji, na paa la bati lililoinuliwa juu ya dari ili joto lipate pa kutokea. Mwaka 2004 shule hiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Berlin ilimpa hesabu na zana. Swali alikwenda nalo kutoka nyumbani.

Sasa vyuo. Mwenye swali la makazi na mipango miji aanze na Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kilichotokana na shule ya upimaji ya mwaka 1956 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Wahadhiri wake kadhaa walipata uzamivu kwa ushirikiano na chuo kikuu cha KTH cha Stockholm, kwa hiyo hata njia ya kwenda nje mara nyingi inapitia hapo. Anayetaka ubunifu wa bidhaa, nguo au michoro aangalie Chuo Kikuu cha Nairobi. Mchoraji na mchongaji ana Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937. Mchoraji Sam Ntiro alisoma huko, akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, na bado akaendelea kuchora migomba na watu wa Kilimanjaro. Na sisi tunavyo vikapu vyenye mifuniko iliyochongoka, vinavyosukwa pande zote mbili za mpaka wa Burundi. Kuvisoma hivyo vikapu, msukaji akiwa mwalimu wako, ni uzamili wa sanaa unaonivutia kuliko wowote.

Ng'ambo, kwa mambo ya kambi na makazi ya dharura, kuna vyuo vikuu vya Oxford Brookes, Uingereza, na UIC ya Barcelona. Kwa makazi kwa jumla, KU Leuven ya Ubelgiji na taasisi ya IHS ya Rotterdam. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola hupeleka watu Uingereza, na shirika la ufadhili la DAAD la Ujerumani hulipia pia masomo ndani ya Afrika, jambo ambalo vijana wengi hawalijui.

Angalizo moja. Uzamili peke yake haukufanyi mbunifu majengo mbele ya sheria. Usajili uko mikononi mwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Bodi huangalia shahada ya kwanza ya fani, mafunzo kazini na mitihani yake. Ulizeni kabla ya kulipa ada.

Jalada la kazi ndilo linalowaogopesha wengi. Wanadhani lazima liwe na majumba ya kompyuta yanayong'aa. Twaa futikamba, penseli na daftari la karatasi nyeupe, upime nyumba ya bibi yako: unene wa ukuta, kimo cha mlango, mahali moshi unapotokea. Ichore kwa kipimo, kwa juu na kwa mkato, uandike kila kifaa kimetoka wapi na nani alikibeba. Mimi nikiwa msomaji wa maombi, kurasa sita za namna hiyo ningezisoma mara mbili.

Limebaki jambo linaloniuma. Wapo vijana waliozaliwa Nyarugusu, wenye vyeti vya mtaala wa Kongo, waliojenga na kubomoa kwa mikono yao kuliko mwanafunzi yeyote wa Dar es Salaam. Ufadhili wa DAFI kwa wakimbizi, unaotegemea hasa fedha za Ujerumani tangu mwaka 1992, huishia kwa kawaida shahada ya kwanza, na kutoka kambini kunahitaji kibali. Kwa hiyo naziomba idara zetu za usanifu majengo, kwa jina la taaluma hii, ziuhamishie muhula mmoja wa karakana ya uzamili hapa Kasulu. Zipime Nyarugusu na Nduta pamoja na wanaoishi humo, na majina ya vijana hao yaandikwe kwenye michoro kama watafiti wenza. Zipime pia kambi ya Mtabila, iliyofungwa mwaka 2012 na sasa ni kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kabla wanaokumbuka nyumba zilikuwa wapi hawajatuondoka.